Elbo ya Tatu Imeoza Ukutani: Tuzibe Tena au Tuliache Bomba Zima?

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninaishi na mama hapa Tanga mjini, kwenye nyumba aliyoijenga baba mwaka 1979. Ni ya matofali ya saruji, ya chini, na mabomba ya maji yote ni ya chuma yaliyofukiwa ukutani. Maji yanatoka kwenye tangi lililo juu ya mnara wa mita kama nne. Mwaka jana tulichimba kisima uani, tunachanganya maji yake na ya mjini, tukafunga na pampu kwa sababu presha ya shawa ilikuwa ndogo. Mwezi wa tano mwaka huu ukuta wa stoo unaopakana na bafu ulivimba na kutoa doa la kutu. Fundi akabomoa, akakuta elbo (kiungio cha kona) imetoboka, akaweka mpya ya chuma, akafunga. Baada ya miezi minne ikatoboka nyingine, mita mbili hivi kutoka pale. Sasa ukuta wa jikoni nao umelowa. Fundi mmoja anasema tubomoe kuta zote tuweke mabomba ya plastiki ya PPR, wa pili anasema tuzibe palipotoboka tu, wa tatu anasema mabomba yapite nje. Mama hataki marumaru za bafuni ziguswe, maana baba alizipanga kwa mkono wake. Tushike lipi? Na maji haya ni salama kunywa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama mpe salamu zangu, na mwambie habari ya marumaru zake nimeisikia; nitaifikia.

Nianze na jibu lenyewe, maana maji yanavuja huku unasoma. Usiweke elbo nyingine ya chuma. Wala usibomoe kuta zote. Mabomba ya zamani yakatieni maji, yabaki humo humo ukutani yakiwa makavu, na njia mpya ipite darini, ishuke kwenye kila koki. Ndivyo ningefanya kwangu. Ila sitaki ukubali kwa kuwa tu fundi mzee amesema, kwa sababu utalazimika kumweleza mama, na kumsimamia fundi atakayekuja. Kwa hiyo tuingie ndani ya ukuta.

Leo hii, kabla ya lolote, izimeni pampu. Rudini kwenye maji yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Shawa itakuwa dhaifu, vumilieni. Kila mita kumi za kimo hutoa presha ya bar 1, kwa hiyo tangi lenu la mita nne linatoa takriban bar 0.4. Pampu ndogo za nyumbani zenye swichi ya presha hufikisha bar 2 hadi 3. Mabomba yaliyozeeka yakibeba mzigo mwepesi kwa zaidi ya miaka arobaini mkayatwisha mara tano na zaidi kwa siku moja. Pampu haikuyatoboa. Kutu ilikuwa imeshakula, imebaki ngozi, na pampu ikaisukuma ile ngozi. Jiulize pia kama mmewahi kuisikia ikiwaka usiku wa manane wakati wote mmelala na hakuna koki iliyofunguliwa. Pampu inayojiwasha yenyewe usiku, na LUKU inayoisha kabla ya siku zake, maana yake kuna maji yanatoka mahali msipopaona.

Sasa kwa nini viungio, na si bomba lenyewe? Bomba la GI ni chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Zinki ile si koti tu la kufunika. Palipokwaruzika, maji huila zinki ya pembeni kwanza na chuma kinasalimika. Bomba refu lililonyooka linaweza kukaa hivyo miaka mingi. Udhaifu uko kwenye ncha. Ili ncha iingie kwenye elbo, lazima ikatwe nyuzi, ile mikato ya kuskrubia. Bomba la nusu inchi la klasi B (la unene wa kati) lina unene wa milimita 2.6, na nyuzi zake zina kina cha milimita 1.16. Ukitoa hiyo, kinabaki chuma cha milimita 1.4 hivi, na zinki ya mahali hapo yote imenyolewa. Maana yake kila kiungio cha nyumba yenu kilianza kazi mwaka 1979 kikiwa na nusu ya unene na hakina koti. Katani na rangi walizofungia mafundi wa wakati ule zilisaidia, lakini hazifiki kwenye zile nyuzi mbili tatu zinazobaki nje ya mdomo wa elbo. Ndiyo maana mara nyingi fundi anaposema elbo imetoboka, elbo yenyewe ni nzima na iliyokatika ni ncha ya bomba pale mdomoni. Tofauti hiyo ni kubwa: elbo unaweza kununua nyingine, ncha ya bomba lililofukiwa huwezi.

Hili nililijifunza kwa gharama ya mtu mwingine, na mpaka leo linanisumbua. Nikiwa kijana kulikuwa na mzee mmoja mtaa wa Ngamiani, Tanga, nyumba yake niliiziba mara tano ndani ya miaka miwili. Kila mara nilipokea fedha, nikapiga plasta ikanyooka, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Mara ya tano nikaichukua elbo niliyoitoa, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma. Tundu la nusu inchi lilikuwa limejaa vinundu vya kutu, limebaki kiasi cha kupita kalamu. Nikakata na kipande cha bomba kilichofuata, nacho ni vile vile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa naitengeneza ile nyumba. Nilikuwa naifuata kutu kila inakokwenda. Yule mzee nilimrudishia fedha za mara mbili za mwisho. Za nyuma sikuwa nazo tena.

Kwa hiyo, jikoni mkifungua ukuta, msikubali kipande kilichotolewa kitupwe. Kikateni kwa urefu, pamoja na vidole vinne vya bomba kila upande, mkioshe, mkitazame juani. Kipande hicho kitawaambia mengi kuliko mafundi wote watatu. Mkikuta vinundu vya kutu vimetapakaa mpaka ndani ya bomba, njia nzima imekwisha na hakuna cha kuziba. Mkikuta nyuzi tu ndizo zimelika na ndani ya bomba bado kuna rangi ya kijivu ya zinki, hapo fundi wa pili ana hoja, na kuziba mahali pamoja si ujinga. Mkikuta ndani ni safi lakini nje ndiko kumeliwa, mwenye kosa si maji, ni ukuta. Na kama kiungio ni cha shaba ya njano, kama zile valvu, kikwaruzeni kwa tupa: kikionekana chekundu kama shaba tupu na kinamong'onyoka, zinki iliyomo ndani ya shaba imekwishayeyuka, limebaki sifongo la shaba lenye umbo la valvu. Kwa macho linaonekana zima, ukilishika kwa spana linavunjika kama biskuti.

Kwa maelezo yako, mimi natarajia mtakuta hali ya kwanza, na kuna mambo matatu yanayonifanya niseme hivyo.

La kwanza ni kisima. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na kadiri tunavyovivuta ndivyo bahari inavyosogea chini kwa chini. Yaonje maji yenyewe baada ya kuyachemsha na kuyapoza. Ukisikia chumvi, kwa kawaida kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi, imeshapita miligramu 250 kwa kila lita. Kloraidi ndiyo adui wa zinki, wa chuma na wa ile shaba ya njano. Kabla ya kisima nyumba ilikuwa ikinywa maji ya bwawa la Mabayani peke yake. Tangu mwaka jana inakunywa mchanganyiko, tena kwa presha mpya. Mabadiliko mawili kwa mara moja.

La pili ni elbo mpya ya chuma aliyoiweka fundi. Najua alikusudia mema. Lakini chuma kipya kikiunganishwa na chuma kikuukuu chenye kutu, katika maji yale yale, kile kipya ndicho kinacholiwa, tena kwa kasi. Watu hushangaa: "Tumeweka kipya, mbona kimeoza kabla ya cha zamani?" Kimeoza kwa sababu ni kipya. Na kama karibu yake kuna valvu ya shaba, mambo yanazidi.

La tatu ni ule umbali wa mita mbili. Ili kuitoa elbo ya kwanza, fundi alishika bomba kwa spana kubwa akalizungusha. Nguvu ile haiishii pale mkono ulipo. Inasafiri ndani ya bomba mpaka kwenye kiungio kinachofuata, ambacho kilikuwa kimeshikiliwa na kutu yenyewe, na kutu ikishatikiswa haishiki tena. Kwa njia ya zamani hivi, kila unapoponya kiungio kimoja unakijeruhi jirani yake. Ndiyo maana sishauri kuziba, hata kama fedha ni kidogo.

Na ukuta wenyewe? Saruji mpya iliyo imara huhifadhi chuma, kwa kuwa ina ukali wa chokaa unaozuia kutu. Lakini nyumba nyingi za pwani zilipigwa plasta kwa mchanga wa bahari ambao haukuoshwa, na chumvi ile bado imo. Kuta zenu zikiwa na unga mweupe unaorudi kila mkipaka rangi, huenda ni hivyo. Tazameni pia bomba linapotoka ukutani kuingia ardhini kwenda uani. Sehemu iliyo kwenye udongo karibu na msingi huoza upesi kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa chuma kilicho ndani ya saruji na kile kilicho kwenye udongo wenye unyevu hufanya kazi kama betri, na wa udongoni ndiye anayelipa.

Kabla hamjautia tindo ukuta wa jikoni, hakikisheni kwamba ni bomba kweli. Nimewahi kuitwa nyumba ambayo ukuta ulibomolewa mita tatu, kumbe lililovuja ni bomba la maji machafu ya sinki. Jazeni tangi jioni, zimeni pampu, fungeni maji yanayoingia, fungeni koki zote, wekeni alama kwenye usawa wa maji, mlale. Asubuhi yakiwa yameshuka, njia ya maji safi inavuja. Usiku unaofuata rudieni, safari hii mkiwa mmefunga valvu ya kutokea kwenye tangi. Yasiposhuka, tangi ni zima na mvujo uko kwenye mabomba yanayotoka tangini. Kama usiku wa kwanza hayakushuka kabisa, basi sinki lisitumike siku tatu mkauone ukuta: ukianza kukauka, tafuteni bomba la maji machafu. Kiyoyozi kama kipo upande wa pili wa ukuta, nacho mkiangalie, maana mpira wake wa maji hufukiwa na kuziba. Na unyevu unaopanda kutoka ardhini utautambua kwa kuwa huenea chini ya kuta nyingi kwa pamoja, kwa kimo cha mita moja hivi, wala hauna doa la kutu. Doa la kutu lililosimama mahali pamoja halitoki ardhini. Na ule uvimbe uliouona stoo ni kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo. Huisukuma plasta mpaka ipasuke.

Mkishathibitisha, njia mpya. Hapa fundi wa kwanza na wa tatu kila mmoja ana nusu ya ukweli. PPR ni sawa, kwa sababu haioti kutu na viungio vyake huunganishwa kwa moto vikawa kitu kimoja. Lakini kubomoa kuta zote ili kulifukia tena bomba kule kule ni kuwaachia wajukuu tatizo lile lile. Kupitisha nje kabisa nako, kwa PPR, jua litaliua. Plastiki ile haistahimili mionzi ya jua, hupauka na kuwa kavu. Dari ndiyo njia. Bomba la milimita 25 litoke kwenye tangi, lipite juu ya dari kando ya kuta, na kila mahali penye koki lishuke bomba la milimita 20 wima. Mashimo ya kuchimba ukutani yatakuwa machache na mafupi, na yote ya wima. Hilo la wima si la urembo: mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi sita hizo ni kama sentimita tano kwa wima na mbili na nusu tu kwa mlalo. Anayechimba mfereji wa mlalo ukuta mzima anaukata ukuta kiuno.

Chini ya bati kuna joto kali, na PPR hurefuka kwa milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita kumi likipanda nyuzi thelathini kati ya alfajiri na saa nane mchana litarefuka sentimita nne na nusu. Likibanwa kama msumari litajikunja na kuvuta viungio. Fundi aweke kona za makusudi, na klipu zinazoliacha bomba liteleze.

Kwenye kuunganisha, simama uangalie, huna haja ya kuwa fundi. Pasi ya kuyeyushia PPR iwe imefika nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20 lipashwe sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha lisukumwe moja kwa moja bila kuzungushwa, na liachwe dakika mbili bila kuguswa. Anayepasha mpaka plastiki inatiririka anaziba tundu kwa ndani, halafu mtalalamika kwamba presha ni ndogo kama zamani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, asubiri urudi na pasi ifike joto lake. Asijaribu kumalizia kwa pasi inayopoa.

Sasa hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo nyumba mpya za PPR zinapooza. PPR yenyewe haiozi, lakini kila inapokutana na koki kuna kiungio chenye nyuzi za metali ndani yake. Nyuzi hizo zinapaswa kuwa za shaba ya njano iliyopakwa nikeli. Madukani kuna zilizotengenezwa kwa chuma kikapakwa rangi ya kung'aa, na kwa macho zinafanana kabisa. Nenda dukani na sumaku. Ikinata kwa nguvu, ni chuma, rudisha kwenye rafu hata kama bei inakutamanisha. Isiponata, kishike mkononi upime uzito: cha shaba ni kizito, na shaba yake ni nene. Kwa maji yenye chumvi kama yenu, valvu tafuteni zile zilizochorwa DZR au CR, maana shaba yake imechanganywa ili zinki isiyeyuke. Ni ghali kidogo, na huo ndio ughali pekee ninaokuomba usiukwepe kwenye kazi nzima. Fundi asizizungushie tepu nyingi mno kisha akaze kwa spana iliyoongezewa bomba la kupatia nguvu. Kiungio cha namna hiyo hupasuka kwa ndani kimya kimya, kikaanza kuvuja baada ya marumaru kukauka.

Na iwe sheria ya nyumba: kiungio cha moto kinaweza kufukiwa, kiungio cha nyuzi hakifukiwi, ila kile kimoja cha koki ambacho mdomo wake uko usoni mwa ukuta. Yunioni (kiungio cha kufungua na kufunga), valvu, na popote PPR inapokutana na bomba la chuma, pawe na kimlango kidogo cha kufungua. Kabla ya plasta, bomba lijazwe maji na lipimwe kwa pampu ya mkono mpaka bar 10. Mwanzoni presha itashuka kidogo, hiyo ni plastiki inajinyoosha. Ipandishwe tena, ndipo iachwe saa nzima na isishuke. Halafu piga picha kila ukuta ukiwa wazi, pamoja na futi iliyonyooshwa kutoka sakafuni na kutoka pembeni, uzihifadhi. Kumbuka baba yako alijua kila elbo ilipo, lakini elimu hiyo alikwenda nayo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi bomba wengi hatuligusi kwa kuwa tunaliona ni la fundi umeme. Nyumba za umri wa hiyo yenu, mara nyingi waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma lililozama ardhini. Ukiweka plastiki, umeikata ethi ya nyumba nzima, na hakuna taa itakayozimika kukuonya. Atakayegundua ni mtu aliyelowa chini ya shawa ya umeme. Mwite fundi umeme kabla, siyo baada, aangalie ethi imefungwa wapi, na kama ni kwenye bomba, apigilie fimbo yake ardhini na aipime. Na siku ya kubomoa ukuta uliolowa, zimeni meni swichi kwanza, kwa maana hamjui nyaya zimepita wapi.

Mabomba ya zamani yakatwe pande zote mbili, yamwagwe maji yote, ncha zifungwe kwa plagi. Msiache mkia wa bomba la zamani ukiwa bado umeunganishwa na njia yenye maji, hata ukiwa na valvu. Maji yanayolala humo huoza. Plasta iliyolowa chumvi na kutu ibanduliwe yote mpaka kwenye tofali, na kidogo kuzidi doa, kwa kuwa mkipaka rangi juu yake litarudi. Tofali lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima, liachwe likauke wiki kadhaa, kisha lipigwe plasta ya mchanga wa mtoni. Najua wiki kadhaa za ukuta uliochunwa zinaudhi. Anayeharakisha hupiga plasta mara mbili.

Kama fedha haitoshi kwa mara moja, anzeni na tawi la jikoni na bafu la mama, la uani lingoje likiwa limefungwa. Na mpaka njia mpya ikamilike, mpira wa baiskeli uliokazwa kwa klipu mbili utazuia mvujo kwa wiki kadhaa. Ni dawa ya muda halali kabisa, mradi tu ukuta ubaki wazi na mtu auangalie kila siku.

Umeuliza kuhusu kunywa. Kutu yenyewe, kwa kiasi kinachopaka maji rangi, huharibu ladha na kutia madoa, na kwa mtu mwenye afya si jambo la kuogofya. Ninachokihofia ni lile tundu. Maji yakiwepo bombani, tundu hutoa. Tangi likiisha na bomba likawa tupu, tundu huvuta, na kinachovutwa ni unyevu wa ukutani na wa ardhini, pamoja na vilivyomo. Tena kisima cha uani mjini mara nyingi kiko karibu na shimo la choo, lenu au la jirani. Kwa hiyo maji ya kunywa na ya kupikia yachoteni moja kwa moja kwenye bomba la mjini kabla hayajafika kwenye tangi, na mchemshe. Ya kisima mpelekeeni afisa afya au maabara ya maji wayapime kabla hamjayarudisha kwenye matumizi ya jikoni. Asubuhi fungueni koki mpaka rangi iishe ndipo mtumie. Na mama asifue nguo nyeupe zenye madoa ya kutu kwa dawa yenye klorini. Klorini hulikaza doa likawa la kudumu. Akamulie ndimu, atie chumvi, aanike juani, kisha asuuze.

Sasa marumaru. Umesema ukuta wa bafu umepakana na stoo, na kwamba upande wa stoo ndiko plasta ilikovimba. Hiyo ni bahati kubwa, maana bomba liko karibu na uso wa stoo kuliko wa bafu. Fundi achimbe kutokea stoo, mfereji wima kutoka darini hadi usawa wa koki, na viungio vya koki na shawa avipenyeze kutoka nyuma, vitokeze mbele kwenye matundu yale yale ambayo baba yako aliyatoboa kwenye marumaru mwaka 1979. Atumie msumeno wa grenda kuchora mipaka ya mfereji kwanza, kisha tindo ndogo na mkono mwepesi, asitumie nyundo kubwa wala mashine ya kugonga, kwa sababu mtikisiko ndio unaobandua marumaru za upande wa pili. Kabla hajaanza, gonga kila marumaru ya ukuta ule kwa kifundo cha kidole. Inayolia kama debe tupu ina nafasi nyuma yake. Ibandikeni tepu ya karatasi kwa kukatiza juu ya jirani zake ili isidondoke. Baada ya kazi, upande wa stoo tengenezeni kimlango cha mbao mahali penye viungio, kifungwe kwa skrubu mbili. Siku nyingine ikitokea shida ya bafuni, fundi ataingilia stoo.

Elbo ya jikoni ukishaikata, ipige picha ndani na nje uniletee, nikwambie ninachokiona kabla hamjanunua bomba hata moja.